Dola ya Kwanza Iende Wapi: Risasi, Zebaki na Watoto wa Quakers Hill

Kabla hujanunua chujio la maji, na kabla hujamlipa mtu yeyote akupimie chochote, ulizia nyumba unayoishi ilijengwa mwaka gani. Jibu hilo ni bure. Mpangaji atamwandikia wakala, mwenye nyumba ataliona kwenye karatasi za ununuzi. Quakers Hill, kilomita 40 hivi magharibi ya katikati ya Sydney, kwa sehemu kubwa ni mtaa wa kuanzia miaka ya 1980, mashamba yalipokatwa viwanja. Mwaka huo mmoja ndio unaoamua pesa yako ya kumkinga mtoto na metali nzito iende kwenye ukuta, kwenye udongo, kwenye bomba, au kwenye sanduku lililotoka nyumbani Afrika Mashariki. Kwa familia nyingi za hapa zinazozungumza Kiswahili, naamini ni kwenye sanduku.

Nianze na sababu ya haraka yenyewe. Risasi haina kazi yoyote mwilini. Mwili huipokea kama kalsiamu, huivusha kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, kisha huitunza kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mtoto mdogo hufyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza. Mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi. Na mtoto wa mwaka mmoja hutia kila kitu kinywani, wakati huohuo ubongo wake unajengwa.

Mwaka 1979 Herbert Needleman na wenzake, Marekani, walipima risasi katika meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa shule karibu na Boston. Wenye risasi nyingi walipata alama za chini za akili. Walimu wao, ambao hawakujua matokeo ya meno, walikuwa wameshawaeleza: hawatulii, hawamalizi kazi, hukata tamaa upesi. Mwaka huohuo, huku Australia Kusini, ulianza utafiti wa Port Pirie, mji wenye kiwanda kikubwa cha kuyeyusha risasi, na watoto wakafuatiliwa tangu mimba. Walipofika miaka 7, ilionekana kwamba wastani wa risasi ya damu ukipanda kutoka mikrogramu 10 hadi 30 kwa desilita, akili hushuka kwa alama 4 hadi 5 hivi. Mwaka 2005 Bruce Lanphear na wenzake waliunganisha tafiti za nchi kadhaa, Port Pirie ikiwamo, wakakuta jambo la kutisha zaidi: mikrogramu za mwanzo ndizo zinazodhuru kuliko zote. Kutoka 2.4 hadi 10 mtoto hupoteza karibu alama 4. Kutoka 10 hadi 20, chini ya alama 2. Ndiyo maana hakuna kiwango kinachoitwa salama, na ndiyo maana mtoto anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa anapoteza.

Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa haya kwa grafu. Owino Uhuru, mtaa wa mabanda katika eneo la Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake, mwanawe mchanga akaugua, na damu ya mtoto ikakutwa na risasi. Alipigania mtaa huo hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ulioendelea kubishaniwa katika mahakama za juu. Quakers Hill haina kiwanda cha namna hiyo. Hapa risasi huja kwa vijiko vidogo, na kila kijiko kina bei yake ya kukiepuka.

Turudi kwenye mwaka wa nyumba. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, John Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu kutoka kwenye rangi ya kuta na vizuizi vya vibaraza. Australia ikapewa onyo mapema kuliko karibu nchi zote, ikachukua miongo kulifanyia kazi. Rangi za zamani ziliweza kuwa na risasi hadi nusu ya uzito wake. Mwaka 1965 kiwango kilichopendekezwa kilishushwa hadi asilimia 1, mwaka 1992 hadi 0.25, mwaka 1997 hadi 0.1. Kwa hiyo nyumba ya 1999 au ya 2010, kama zilizojaa upande wa Schofields, haikudai senti yako kwa ajili ya rangi. Nyumba ya 1985 iko katikati: rangi iliyoshika vizuri iache, na kama unataka kuisugua, pima kwanza. Nyumba ya mbao au ya fibro ya kabla ya 1970 ichukulie kuwa ina risasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Bei zinatofautiana sana hapa. Kipande cha rangi kupimwa maabara ni makumi ya dola. Kuipaka juu rangi mpya pale palipo pazima ni ndoo moja au mbili na Jumamosi yako. Kuibandua yote kwa fundi mwenye vifaa vinavyofaa ni maelfu ya dola. Lakini njia ghali kuliko zote ni ile inayoonekana ya bure: baba kukodi mashine ya kusugua mwishoni mwa wiki, vumbi likaenea kwenye zulia anapotambaa mtoto. Usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu, wala usiichome kwa moto. Ukiwa mpangaji na rangi inabanduka dirishani, piga picha, andika kwa wakala, na dai mwenye nyumba alipie yeye. Usianze kuikwangua mwenyewe.

Udongo una hadithi nyingine. Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku Australia tarehe 1 Januari 2002, lakini risasi iliyotoka kwenye moshi haiozi, bado imo kwenye ardhi kandokando ya barabara za zamani. Tangu 2013 Chuo Kikuu cha Macquarie, kupitia mradi uitwao VegeSafe ulioanzishwa na Mark Taylor na wenzake, kimekuwa kikipima udongo wa bustani za watu kwa mchango wa hiari. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017, karibu asilimia 40 ya nyumba za Sydney zilizoleta sampuli zilizidi miligramu 300 za risasi kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha Australia kwa makazi. Uzito mkubwa uko mitaa ya zamani karibu na katikati ya mji, ambako rangi na moshi wa petroli vimekutana kwa karne nzima.

Hilo liingizwe kwenye hesabu ya kodi. Familia inayopima kuhama Quakers Hill kwenda mitaa hiyo, kama Marrickville au Leichhardt, ili kuokoa saa za treni huwa inalinganisha kodi na nauli peke yake. Ukiwa na mtoto anayetambaa, ongeza swali la tatu: uani pana udongo mtupu, na nyumba ni ya miaka ya 1920? Sisemi msihame. Nasema nyumba ya namna hiyo ina gharama ambayo haiandikwi kwenye tangazo: kipimo cha udongo, mifuko ya matandazo au nyasi za kufunika ardhi tupu, boksi la kupandia mboga lenye udongo wa kununua. Hizo zote zinaweza kufika dola mia chache, na zinafaa kulipwa. Quakers Hill, kwa kawaida, utaziepuka nyingi.

Wanaofuga kuku wasikilize hapa. Mwaka 2022 kikundi hichohicho cha Macquarie kilitoa matokeo ya kuku wa nyumbani katika nyumba 55 za Sydney. Mayai yao yalikuwa na wastani wa mikrogramu 301 za risasi kwa kilo; mayai ya dukani ya kuku wanaozurura yalikuwa na 7.2. Ni zaidi ya mara 40. Kuku huchokora udongo siku nzima na kuula, kisha sehemu yake huishia kwenye yai. Watafiti walikadiria kwamba ili yai lisizidi mikrogramu 100 kwa kilo, udongo wa banda usizidi miligramu 117 za risasi kwa kilo, ambayo ni chini sana ya ile 300 inayoruhusiwa kwa makazi. Basi anayesema kuku wake wanamwokolea dola 6 au 8 za dazeni ya dukani, kabla ya kumpikia mtoto yai kila asubuhi, apime udongo wa banda. Udongo ukiwa safi, na Quakers Hill nafasi hiyo ni nzuri, afuge kwa amani na mayai yake ni chakula bora.

Kuna jambo moja ambalo mtaa huu, kwa umri wake, unalo zaidi kuliko mitaa ya zamani: mbao zenye rangi ya kijani hafifu. Miaka ya 1980 na 1990 vibaraza vya nyuma, bembea, meza za uani na magogo ya kuzungushia bustani vilitengenezwa kwa msonobari uliotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa wasiule. Tangu 2006 Australia haitaki mbao hizo mpya zitumike kwenye vifaa vya kuchezea watoto, vibaraza wala vishikio vya ngazi. Zilizokwisha kujengwa hazikung'olewa. Gharama ya kujikinga ni ndogo: kopo la mafuta au rangi ya mbao kila mwaka mmoja au miwili, mikono kunawa kabla ya kula, na mboga kutopandwa kwenye boksi la magogo hayo. Na usizichome jikoni wala kwenye nyama choma ya uani, hata mabaki. Majivu yake yana aseniki iliyokusanyika.

Maji ndiyo yanayotuuzia vitu vingi tusivyohitaji. Wauzaji hupita nyumba hadi nyumba na kipimo kinachobadilisha rangi, na mama mwenye mtoto mchanga huingiwa hofu. Maji yenyewe ya Sydney yanayotoka mtamboni ni mazuri. Risasi kidogo huweza kuchuruzika kutoka kwenye mabomba ya shaba nyeupe na viungio vyake ndani ya nyumba, maji yanapolala usiku kucha. Wataalamu wa afya ya mazingira wa Australia wanashauri kufungua bomba la jikoni kwa sekunde 30 asubuhi, dakika mbili au tatu mkitoka safari ndefu, na kutumia maji ya baridi tu kwa kunywa na kupika. Tupige hesabu. Bomba la lita 9 kwa dakika humwaga lita 4 na nusu kwa sekunde 30, lita 1,650 hivi kwa mwaka. Lita 1,000 za maji Sydney hazifiki dola 4. Kwa hiyo kinga hiyo haifiki dola 7 kwa mwaka, na maji unaweza kuyakinga kwa ndoo ukamwagilia maua.

Jagi la chujio ni dola 50 hivi pamoja na katriji za kila miezi michache. Mfumo wa chini ya sinki ni mamia ya dola, na matengenezo juu yake. Ukiamua kununua, tafuta kwenye boksi uthibitisho wa NSF/ANSI 53 unaotaja risasi kwa jina, kwa sababu machujio mengi huondoa ladha ya klorini tu. Kwa mama anayechanganya maziwa ya unga katika nyumba yenye mabomba ya zamani, jagi lenye uthibitisho huo lina maana. Kwa nyumba ya juzi, sekunde 30 zinatosha.

Sasa sanduku. Hapa ndipo ninapotaka mtulie nami, maana hakuna mkaguzi wa halmashauri atakayekuja kuyaangalia haya.

Sufuria ya alumini iliyofuliwa na mafundi wa jua kali, ile nzito inayotamanika kwa pilau, hutengenezwa kwa chuma chakavu: vipande vya injini, makopo, vyombo vilivyochakaa. Chochote kilichokuwamo humo kinaingia kwenye sufuria. Watafiti walipopima vyombo vya namna hiyo kutoka Cameroon mwaka 2014 waliona risasi na kadimi zinaweza kuingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Katika Kaunti ya King, Seattle, watoto wakimbizi kutoka Afghanistan walikutwa na risasi nyingi damuni kuliko wenzao; mwaka 2022 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo vyao, na sufuria za alumini zikaonekana kuwa chanzo kinachowezekana kabisa. Jimbo la Washington likapitisha sheria ya kuzuia vyombo vyenye risasi mwaka 2024. Sufuria ya chuma cha pua kwenye maduka ya kawaida ya Blacktown ni dola 20 hadi 40. Kati ya dola zote zinazotajwa hapa, hizi ndizo ningezitoa kwanza. Mchuzi wa nyanya, ukwaju na ndimu visipikwe tena kwenye ile ya zamani. Najua ni ya mama. Iwekeni juu ya kabati kwa heshima yake.

Wanja. Wanja wa manga, au surma kama unavyouzwa kwenye maduka ya Wahindi na Waarabu, mara nyingi ni jiwe la galena lililosagwa, yaani risasi na salfa. Baadhi ya chupa zilizopimwa sehemu mbalimbali duniani zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa risasi. Mtoto hupakwa siku saba baada ya kuzaliwa, hufikicha jicho, kisha hutia kidole kinywani. Chupa yenyewe ni dola chache tu, na kuiacha hakugharimu kitu. Bibi akipiga simu kutoka Tanga na kuuliza mbona mjukuu hana wanja wa kijicho, jibu lipo la adabu: Bibi, tunamsomea dua kila jioni, na hospitali ya huku imetukataza wanja. Bibi wengi husikia wakiambiwa ni kwa ajili ya akili ya mtoto.

Krimu za kung'arisha ngozi zinahusu zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana inawekwa humo. Hupita kwenye ngozi ya mama, hufika kwa mtoto aliye tumboni, hubaki kwenye taulo na mito. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki kufikia 2025, lakini kopo la mkorogo halisomi mikataba. Lisilo na orodha ya viambato, au lenye maneno yanayoanza na mercur, au neno calomel, lisikae nyumbani kwenye mtoto. Usilitupe kwenye sinki wala kumpa rafiki; liweke kwenye mfuko uliofungwa na upeleke siku ya ukusanyaji wa kemikali za nyumbani.

Udongo wa kula, pemba kwa watu wa Kanda ya Ziwa na odowa kwa Waluo, hutafutwa na wajawazito wenzetu hata huku, na ndugu huwaletea. Mwaka 2014 Elias Nyanza na wenzake walichapisha utafiti wa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita. Karibu nusu walikuwa wakila udongo, na vipande vilivyopimwa vilikuwa na metali za hatari, aseniki ikiwamo. Kikundi hicho kiliendelea kuwafuata akina mama na watoto wao, na mwaka 2021 kikaripoti kwamba aseniki na zebaki wakati wa mimba vilihusiana na ukuaji duni wa ubongo wa mtoto mchanga. Dada mjamzito anayetamani udongo asichekwe. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na huo una kipimo na vidonge vyake. Akimwambia mkunga wazi, atapimwa damu na kupewa tiba. Hiyo ni bora kuliko mfuko wowote wa udongo.

Viungo nitavipita upesi. Bangladesh ilikuwa na manjano yaliyong'arishwa kwa risasi ya rangi ya njano. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni zilikuwa nayo, serikali ikabana, na kufikia 2021 hazikuonekana tena. Ni ushahidi kwamba jambo hili linaweza kumalizwa. Hapa, nunua ya pakiti yenye jina la mwagizaji wa Australia, au manjano mabichi ya duka la mboga. Unga usio na jina uliofungwa kwenye nailoni na kuvuka bahari kwenye begi la mtu, kwa jikoni yenye mtoto, acha.

Samaki ni kinyume: hapa kosa kubwa ni kumwacha. Mafuta yake ni chakula cha ubongo, na shirika la viwango vya chakula la Australia na New Zealand linawaambia wajawazito wale milo miwili hadi mitatu ya samaki wa kawaida kwa wiki. Wanaoepukwa ni wakubwa wanaokula wenzao: papa, nduaro, sulisuli, mlo mmoja tu kwa wiki mbili na bila samaki mwingine katika wiki hizo. Papa huku huuzwa kwa jina la flake, na ng'onda wa papa anayeletwa kutoka pwani ni yuleyule. Dagaa wa kopo hafiki dola 3, ni mdogo, ameishi muda mfupi, zebaki yake ni kidogo, na mifupa yake laini ni kalsiamu. Sioni chakula kingine dukani kinachoshinda hapo kwa bei.

Wali una aseniki kiasi, kwa sababu mpunga huivuta kutoka kwenye maji ya shamba. Kuuchemsha kwa maji mengi, kama sita kwa kikombe kimoja cha mchele, kisha kuyachuja, hupunguza karibu nusu. Wali wa nazi haupikwi hivyo, nami sitamwambia mtu auache. Ila mtoto wa miezi saba asilishwe uji wa mchele asubuhi, mchana na jioni. Mchanganyie ulezi, mtama, shayiri. Vyote vinapatikana Blacktown na bei yake haitofautiani sana na mchele.

Baba au kaka anayefanya kazi ya kubomoa nyumba za zamani, kutengeneza rejeta, kukusanya betri au vyuma chakavu, huleta vumbi nyumbani kwenye viatu na ovaroli. Viatu vibaki nje, nguo zifuliwe peke yake, kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Hakuna cha kununua. Na mwajiri anayemtumikisha kwenye risasi ana wajibu wa kisheria wa kumpa kinga na mahali pa kunawa, si fadhila.

Kuna kinga nyingine iliyo kwenye sahani. Mwili wenye njaa ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Maharage, nyama, mchicha wenye ndimu, maziwa, mtindi: hiyo ni bajeti ya chakula iliyopo tayari. Na akina mama waliokulia Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu kabla petroli yenye risasi haijaondolewa, jambo lililokamilika Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, huenda bado wana risasi hiyo mifupani, na mimba huitikisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unashauri vidonge vya kalsiamu kwa mjamzito mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu ambaye hapati kalsiamu ya kutosha. Muulize mkunga kabla ya kununua.

Tukifika kwenye kupima, pesa nyingi hupotea. Kipimo cha kuaminika ni damu ya mshipani. Medicare inakilipia daktari akiona kuna sababu, na kuna maabara nyingi ambazo hazitakutoza chochote juu yake. Mwenye viza ya mwanafunzi aulize bima yake kabla. Baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilisema mwaka 2015 kwamba kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe, na jimboni New South Wales maabara ikikuta kiwango hicho lazima iarifu idara ya afya ya umma, ambayo itasaidia kutafuta kilikotoka. Kipimo cha nywele, kinachouzwa kwa mamia ya dola na kurudi na grafu za rangi, hakimsaidii daktari kuamua lolote.

Baya zaidi ni tiba za kuondoa sumu zinazouzwa kwa wazazi wa watoto wasiotulia au wenye usonji. Dawa za kuvuta metali zina mahali pake: hospitalini, kwa mtoto mwenye risasi nyingi sana, kama mikrogramu 45 kwa desilita na kuendelea. Mwaka 2001 jaribio kubwa la Marekani kwa watoto 780 wenye kiwango cha 20 hadi 44 lilionyesha kwamba dawa ilishusha risasi ya damu, lakini akili na tabia hazikuwa bora kuliko za watoto waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki Pennsylvania baada ya kutiwa dawa hizo mshipani. Mzazi anayeahidiwa kwamba utulivu wa mwanawe utanunuliwa kwa dripu anauziwa hatari.

Na mtoto asiyetulia si lazima awe na risasi. Wengi hawana. Tathmini ya tabia na umakini kwa daktari binafsi hapa Sydney mara nyingi hupita dola 1,500, na foleni ya huduma ya umma ni ndefu, kwa hiyo kuomba kipimo cha damu mwanzoni, pamoja na kile cha chuma, kusikia na kuona, ni hatua ya bei ndogo inayoweza kukuonyesha jambo linalotibika kabla ya hiyo ghali. Daktari akisita, mtajie vitu: sufuria ya alumini kutoka nyumbani, wanja, udongo uliokuwa ukila ukiwa mjamzito, kazi ya baba. Hizo ndizo sababu anazozihitaji kwenye fomu. Kama Kiingereza kinakukwaza, omba mkalimani wa Kiswahili wa huduma ya ukalimani ya TIS, 131 450. Daktari humpata bila kukutoza wewe. Na mtoto akimeza kitu leo usiku, piga 13 11 26, Kituo cha Habari za Sumu, saa yoyote, ukiwa na kopo au chupa yenyewe mkononi ili uwasomee kilichoandikwa.